Siku Walipoufunga Uwanja wa Watengeneza Ngozi

Rissne, Stockholm

Dada yangu Mwasiti,

Shikamoo. Natumaini kile kifua kilichokusumbua kipindi cha masika kimetulia na unalala vizuri. Sisi huku wazima, watoto wanakua, baridi imeanza kulegea. Utashangaa kupata barua badala ya simu. Kwenye simu nilijaribu, nikaishia kukuuliza bei ya mchele.

Ni habari ya klabu yetu. Wewe ndiye uliyenitia ugonjwa huu pale Tabora, uliponisomea kwenye gazeti la michezo jinsi vibarua wa kiwanda cha ngozi huko Uingereza walivyochangishana, wakanunua kiwanja na kujenga jukwaa la mbao kwa mikono yao. Nilipenda kwamba kwenye nembo waliweka kisu chao cha kazi, si simba wala taji. Basi uwanja ule umefungwa, Dada. Klabu imehamia nje ya mji, na pale pa zamani panabomolewa zijengwe nyumba.

Huku mashabiki wake ninaowajua ni wawili tu, mimi na Mzee Mulumba, Mkongo wa Uvira ninayesafisha naye ofisi Sundbyberg. Yeye alipewa jezi ya klabu hii katika kambi ya wakimbizi, kwenye nguo za msaada, akaivaa mpaka ikachanika kabla hajajua ni ya nani. Miaka yote hii tumetazama mechi sebuleni kwake, tukishuka daraja pamoja na klabu yetu.

Tulipanga kwenda kwenye mechi ya mwisho. Tiketi tulikuwa nazo, viza yake ilishatoka. Wiki ya safari mkewe akateleza kwenye ngazi, akavunjika nyonga. Nikamwambia basi, tunabaki sote.

"Bon, hapana," akasema kwa Kiswahili chake cha kuchanganya Kifaransa. "Mimi nabaki na bibi yangu. Weye enda. Kama wote tunabaki, nani ataona?"

Nilipomuuliza binti yangu kama niende peke yangu, akanijibu kwa Kiswidi chake kwamba ni mpira tu. Nikaenda.

Jukwaa lile lilikuwa bado la mbao, limelika kwa viatu vya watu. Kiti cha Mulumba kilikuwa kitupu kando yangu. Bibi mmoja wa Kiingereza aliyekaa upande wa pili wa kiti kile akauliza, "Unamsubiri mtu?"

"Rafiki yangu. Ameshindwa kuja."

Nikamweleza. Akavua skafu yake, akaitandika juu ya kiti, kama mtu anayemshikia mwenzake nafasi. Tulifungwa, na filimbi ilipolia hakuna aliyeondoka. Watu wazima walikaa wakilia, wengine wakizipapasa mbao. Na mimi nililia, lakini si kwa ajili ya uwanja. Kila nilichokiona nilijiambia, hiki angekipenda Mulumba.

Niliporudi nilikwenda kwake na begi mkononi. Televisheni ilikuwa imezimwa.

"Usiniambie leo," akasema.

Leo hiyo imekuwa wiki, sasa ni miezi. Tunafanya kazi, tunakula pamoja, anacheka na wanangu. La mpira hatuligusi. Najuta, Dada. Ningebaki, tungekosa wote na kusikitika pamoja. Sasa kila mtu na huzuni yake.

Juzi, tukipiga deki ukumbini, akasimama ghafla.

"Na zile nyasi, ni za kijani kama kwenye televisheni?"

"Mbele ya goli lilikuwa tope tupu, Mzee."

Akacheka sana, mpaka akajishika ubavu. Nikafungua mdomo niendelee. Akawasha mashine ya kusugulia sakafu, kelele yake ikanifunika.

Nimekusimulia wewe, maana ilibidi mtu asikie.

Nisalimie shemeji Hamisi, mumeo, na mwambie dawa ya macho nimeipata. Mpe shikamoo yangu Mama Mdogo Tatu, aliyetulea. Mpwa wangu Zena nasikia amechumbiwa, aniandikie mwenyewe.

Mdogo wako anayekukumbuka,
Shabani