Radhi Mbele ya Hakimu

Chumbageni, Tanga
13 Agosti 1956

Baba, shikamoo, na mama umpe shikamoo yake. Mimi mzima wa mwili. Nanyi natumai hamjambo, na kifua cha mama kimetulia.

Habari hii utaisikia tu, bora uisikie kwangu. Jumamosi niliingiza lori la tajiri kwenye ukuta wa duka pale Usagara. Hakuna aliyeumia. Lakini polisi walinikuta nanuka tembo, wakaniandika. Ndiyo, nilikunywa. Kukudanganya siwezi, nimechoka.

Kesi ni tarehe 27. Jirani yangu Noa, karani wa mahakama, amenieleza mambo yao. Nikiulizwa kama nimekosa, niseme nimekosa, kisha nifunge mdomo. Kwa kosa la kwanza watanitoza faini na kuichukua leseni miezi sita. Tajiri ameahidi kunishikia kazi miezi hiyo sita, zaidi ya hapo hapana. Baba, bila leseni mimi si dereva, na kazi nyingine sikujifunza.

Niombee dua.

Mwanao,
Uweso


Kigombe
18 Agosti 1956

Mwanangu Uweso, salamu zako zimefika nyumbani, nasi tunakurudishia zilizo njema. Mama yako bado kifua kinambana, ila anakula. Mimi ni magoti tu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikaenda kuisomea nje ili mama yako asiuone uso wangu. Nimeona aibu, sikufichi. Huku watu wakikoseana, huniita mimi na wazee wenzangu tukasikilize. Leo aliyekosa ni wangu.

Sasa sikia. Huyo Noa ni mtu wa makaratasi. Mimi nimesuluhisha watu miaka ishirini. Mtu akija kuomba radhi akatoa nusu na nusu akaimeza, tunamjua, na radhi haipati. Akitoa yote, ya jana na ya juzi, basi, yamekwisha, tunasoma Fatiha na kila mtu anakwenda kwake. Hakimu naye ni mtu mzima, amelelewa na wazazi. Simama mbele yake utoe yote. Kama kuna jingine ulilowahi kufanya na lori hilo, litoe pia. Hili si shauri, ni agizo.

Baba yako,
Mwinyijuma


Kigombe
9 Septemba 1956

Mwanangu, je, u mzima? Sisi tunakwenda hivyo hivyo. Tarehe imepita na barua sijapata. Mama yako ananiuliza kila asubuhi, nami namjibu una kazi nyingi. Je, ulimwambia hakimu yote? Nijibu hata mstari mmoja.

Baba yako,
Mwinyijuma


Jela, Tanga
30 Septemba 1956

Baba, shikamoo. Afya yangu si mbaya. Barua hii inasomwa na askari kabla ya kutoka, ndiyo maana imechelewa.

Umeniuliza kama nilitoa yote. Nilitoa.

Mkalimani aliniuliza kama nimekosa, nikasema nimekosa. Noa akanikonyeza ninyamaze. Nikakumbuka barua yako, nikapiga magoti. Nikamweleza hakimu habari ya mfunguo mosi uliopita, mwezi ule wa Idi, nilipotoka harusini nimelewa nikamgonga kwa lori mtu wa baiskeli njia ya Pangani. Alianguka kwenye mkonge. Nilimwona anainuka, nikaenda zangu. Jambo hilo hakuna aliyelijua, baba, hata wewe. Nilimaliza nikawa nangoja aseme basi, yamekwisha.

Yeye alikuwa anaandika. Kisha akasema maneno machache, mkalimani akanifikishia: mtu huyu kulewa barabarani ni mazoea yake, faini haimtoshi. Miezi minne jela, na leseni ichukuliwe miaka mitatu. Askari akaniinua kutoka magotini.

Tajiri ameniletea salamu kwamba lori amempa mtu mwingine, anaitwa Luka. Simlaumu.

Noa aliniuliza nani alinipa shauri lile. Nikamwambia ni akili zangu mwenyewe.

Mwanao,
Uweso


Kigombe
16 Oktoba 1956

Mwanangu, sijui nikusalimu vipi mahali ulipo. Mungu akutunze.

Nilikwenda Tanga. Tulikuwa wazee watatu, tumevaa kanzu zetu za Idi, tukaomba kumwona hakimu. Nilitaka kumwambia kwamba kosa ni langu. Tulikaa kwenye benchi mpaka adhuhuri, kisha huyo Noa akatueleza kwa adabu kabisa kwamba hukumu ikishaandikwa, hakuna wa kuombwa. Palikuwa na siku za kukata rufaa, nazo zimepita. Siku hizo mimi nilizimaliza nikingoja barua yako.

Kwa hiyo wa kuombwa ni wewe, nami natoa yote kama nilivyokuagiza. Nilijua unakunywa. Siku uliyotutoa kwenye maziko ya shangazi yako nilikaa mbele nawe, nikainusa pombe. Nyuma mlikuwa na watu kumi na wawili, na mama yako mmoja wao. Nikasoma dua kimoyomoyo, nikanyamaza. Watu walikuwa wakisema lile lori la mtoto wa Mwinyijuma, nami nilipenda kulisikia jina langu hivyo. Hata agizo lile la barua lilikuwa na kiburi ndani yake. Nilitaka watu wa Tanga waone nilivyolea.

Sina jingine nililolimeza. Nakuomba radhi.

Baba yako


Chumbageni
14 Januari 1957

Baba, shikamoo, na mama pia. Nilitoka Alhamisi ile ya mwisho wa Desemba. Nimekonda kidogo, lakini sina ugonjwa.

Kazi nimepata kwa tajiri yule yule, ya kupakia na kupakua. Lori ni lile lile. Mimi nakaa juu ya magunia.

Barua yako nilikaa nayo jela siku zote bila kuijibu, kwa sababu nilikuwa na hasira nawe, tena nyingi. Siyo ya hakimu. Ya siku ile ya maziko. Nilikuwa nikijiuliza mzee mzima anawezaje kuinusa pombe, na mkewe yuko nyuma, akanyamaza.

Juzi Luka alikuja kazini ananuka. Tulikuwa na wanawake wanne juu, wanakwenda Muheza. Mimi kushika usukani siwezi, nikishikwa ni jela tena. Nikimsema kwa tajiri, leseni yake inakwenda kama yangu, na ana watoto watatu. Nilisimama pale chini, mlango uko wazi, injini inanguruma. Mama mmoja akanipa mtoto wake nimpandishe.

Nikampandisha, baba. Kisha nikapanda na mimi, nikanyamaza. Tulifika salama.

Radhi nimekupa. Kesho tunapakia tena.

Mwanao,
Uweso