Limeshika

Jumanne, 4 Machi 2025

Mwanangu Mercy kang'oka jino! La mbele, juu, upande wa kulia. Na siyo la utoto. Ni la ukubwani, lile alilojichekea kwenye kioo wiki nzima lilipoota.

Pampu ya kisima cha mtaa. Mpini ulimponyoka, ukaruka, ukampata mdomoni. Mimi nilikuwa kibandani kwangu karibu na boda, nampimia vitenge mama mmoja wa upande wa Zambia. Simu ikaja. Nikatoka mbio. "Mayo we!" yule mama akanipigia kelele kwa Kibemba chake — kumbe kitenge chake nimeondoka nacho begani.

Nafika nyumbani, Bibi ameshashika usukani. Bibi ni mama yake Yonathani, mume wangu. Tunaishi naye tangu baba mkwe afariki. Jirani yetu Scola alikuwa anasema jino lirushwe juu ya bati, panya alichukue alete jipya. Bibi akamfokea: la ukubwani halirushwi, linarudishwa! Kasikia redioni yeye mwenyewe.

Aliliokota kwenye tope. Akaliosha kwa sabuni ya unga. Halafu jivu. Halafu stilwaya ya masufuria, mpaka likang'aa. Akalianika juani kwenye ungo, akalifunga ndani ya leso yake nyeupe ya kanisani. Mtu msafi huyu mama! Sufuria zake unaweza kujitazamia ukachana nywele.

Zahanati wakasema wao wanang'oa tu, kurudisha hapana, nendeni hospitali ya Vwawa. Tukaenda na damu zetu. Daktari wa meno wa kule anaitwa Efraimu, kijana mpole. Alipofungua leso aliligeuza jino kwenye mwanga. Akauliza nani amelisafisha. Bibi akanyoosha mkono kama yuko darasani. "Mimi, daktari. Halina hata kidoa." Daktari akamwangalia. Akasema tu, "Asante kwa kulileta, mama."

Kalirudisha, kalifunga kwa waya na meno ya jirani. Jino liko mahali pake! Mungu mkubwa.

Jumapili, 9 Machi 2025

Bibi katoa ushuhuda kanisani. Tope, pampu, panya wa Scola, stilwaya, vyote vilikuwemo. Watu wamepiga makofi. Scola kajificha nyuma ya kitabu cha nyimbo. Nimecheka mpaka nimebanwa na kichomi.

Jumatatu, 7 Aprili 2025

Waya umetolewa leo. Tumefika tu nyumbani, Bibi akamwita Mercy uani, akashika jino kwa vidole viwili, akatikisa. Mimi roho juu!

"Limeshika!" akasema. "Haleluya!"

Mercy akarudia kama kasuku: limeshika, haleluya. Yonathani akasema neno hilo ni lake, ndilo wanalosema mafundi wenzake wa ujenzi zege likikauka vizuri. Tumekula wali na kuku. Nilikuwa na furaha, naandika wazi.

Jumapili, 18 Mei 2025

Imekuwa desturi. Kila Jumapili tukitoka ibadani, Bibi anamtikisa Mercy jino. "Limeshika!" Mtoto naye anaachama, anangoja haleluya yake, anakimbia kucheza. Leo Bibi kasema sasa ni gumu kuliko meno mengine yote. Kayajaribu. Mengine yananesa kidogo, hili wala!

Alhamisi, 12 Juni 2025

Vwawa. Mercy kapigwa eksirei. 

Daktari Efraimu aligonga jino la Mercy kwa kishikio cha kile kioo chake kidogo. Akagonga la jirani yake. Akarudia. La jirani lilitoa mlio mzito, wa kawaida. La Mercy — ti! Kama unagonga kigae. Akalisukuma kwa kidole. Halikusogea. Bibi akashangilia: "Si nilikwambia, mwanangu? Limeshika!"

Daktari akamwomba Bibi ampeleke Mercy nje akanywe maji.

Halafu akatueleza, mimi na Yonathani. Nilimwomba arudie, maana mara ya kwanza sikusikia kitu. Mzizi wa jino umefunikwa na tabaka jembamba sana. Wanaliita saruji ya jino. Yonathani akacheka: "Sementi? Kweli kabisa, daktari?" Daktari akasema sementi kabisa, ila hii inatengenezwa na mwili. Upande wa juu, karibu na fizi, ni nyembamba na haina chembe hai ndani yake. Kazi yake ni kushika. Kuelekea ncha ya mzizi ni nene zaidi, na chembe hai zimo humo humo ndani. Hiyo huongezeka polepole maisha yote. Jino likilika juu kwa kutafuna, nayo inajazia chini.

Tena jino haligusani na mfupa wa taya. Katikati kuna nyuzi. Huku zimezama kwenye mfupa, huku kwenye saruji.

"Kama nondo ndani ya zege," Yonathani akasema.

"Kama nondo," daktari akakubali. "Lakini hizi zinanesa. Jino zima linanesa kidogo, fundi. Lisiponesa kabisa, hapo ndipo ninapoogopa."

 Jumapili zote zile!

Akaendelea. Mfupa wa taya hautulii, kila siku unajila na kujijenga upya. Saruji na zile chembe zilizo juu yake ndizo zinazouzuia usiguse mzizi. Zikifa, mfupa unauona mzizi ni mfupa mwenzake. Unaula taratibu, unajaza mfupa pale palipokuwa na jino. Kwa Mercy kazi hiyo imeshaanza, alituonyesha kwenye eksirei. Jino limeungana na taya. Taya linakua kwa sababu mtoto anakua, jino limebaki pale pale. Litaonekana linazama, mwaka hadi mwaka. Mwishowe halitakuwa na mzizi.

Nikauliza zimekufaje. Kwanza akaangalia mlango. Kisha akasema kwa sauti ya chini: jino likitoka halisuguliwi. Unalishika kwa kichwa chake, mzizi usiguse. Lina tope? Limwagie maji kidogo tu. Lirudishe hapo hapo, au litie kwenye maziwa uwahi hospitali. Lisikauke.

Yonathani aliinamisha kichwa. "Sementi bila kumwagilia," akasema. Hilo ndilo anawafokea vibarua wake kila siku ya Mungu.

Dawa? Hakuna. Saruji hiyo haipakwi upya. Tutaangalia tu, likizama sana watakata kichwa chake, akishakuwa mtu mzima atawekewa la bandia. Tutaangalia tu! Nimesafiri mpaka Vwawa kuambiwa niangalie.

Nje tukamkuta Bibi kwenye benchi anamsuka Mercy, anamsimulia mama asiyemjua habari za stilwaya. Yule mama anatikisa kichwa kwa heshima. Kwenye gari Yonathani akaninong'oneza: usimwambie mama, itamuua. Nikakubali. Ningefanya nini?

Jumamosi, 14 Juni 2025

Nina hasira na sina pa kuzipeleka. Nimkasirikie Bibi? Bila yeye jino lingekuwa juu ya bati na panya wa Scola. Yeye ndiye aliyeliokoa. Yeye ndiye aliyeliua. Mikono ile ile!

Nimemuuliza kimtego, tukichambua maharage, redio ilisemaje hasa. Akasema: mtangazaji alisema jino la ukubwani likitoka lisafishwe, lirudishwe. Na katikati alisema nini? "Katikati Wabemba waliingia na muziki wao," akasema. "Si unaijua redio yetu."

Naijua. Stesheni za ng'ambo zinaingiliana na za kwetu kila siku. Nikaenda jikoni nikalia, nikasingizia vitunguu. Bibi akaja kunisaidia kuvikata.

Jumapili, 17 Agosti 2025

Sasa linaonekana. Siyo sana — mtu baki hatajua. Ila mimi ni mama yake. Meno mawili ya mbele hayalingani tena, la kulia limepanda juu kidogo, kama mtu aliyerudi hatua moja nyuma. Shuleni wameshamwita Ngazi. Watoto wana macho!

Bibi kaliona pia. Anasema hilo halijadumaa, yale mengine ndiyo yamerefuka kwa tamaa. Kaanza kumchemshia Mercy uji wa maziwa kila asubuhi, jino lishibe. Na baada ya ibada katikisa kama kawaida. Limeshika. Haleluya. Yonathani alitoka akaenda kusimama nyuma ya choo. Nilimfuata. Tukasimama wote huko, watu wazima wawili.

Wamama wa kikundi cha Bibi wamemwomba awafundishe somo la huduma ya kwanza. Nikamwambia mama, umechoka, acha. Akasema mama Mercy, kujua kitu ukakaa nacho ni uchoyo.

Jumatano, 3 Septemba 2025

Mercy kanifuata kibandani baada ya shule. Kajitazama kwenye kioo cha wateja. Kauliza: mama, hili jino litashuka? Nikasema kanunue maandazi. Akasema hana njaa. Akakaa nami mpaka nafunga, anakunja vitenge, hakuuliza tena.

Nadhani anajua. Sijui anajua kiasi gani. Siku ile Vwawa dirisha la daktari lilikuwa wazi.

Ijumaa, 12 Septemba 2025

Naandika upesi, Bibi na Mercy wako uani, mimi niko chumbani.

Mchana Scola kanipigia. Binti yake Judith kaanguka kwenye ngazi za kanisa, jino la mbele limetoka zima zima. Safari hii hakuna aliyetaja panya! Scola kasema kwa furaha kabisa: usihofu dada, tuko kwa Bibi, yeye si ndiye mtaalamu. Nikafunga kibanda bila kukifunga vizuri. Nilipita katikati ya foleni ya malori madereva wananitukana kwa lugha tatu.

Naingia uani — Judith kwenye kigoda, kitambaa mdomoni. Bibi amechuchumaa kwenye ndoo ya maji, jivu pembeni kwenye kifuniko. Jino mkono wa kushoto. "Mercy," anasema, "niletee stilwaya." Na Mercy amesimama mlangoni pa jikoni na stilwaya mkononi. Hampi. Hasogei. Bibi anamwambia lete basi, mtoto mzito wewe, jino linasubiri! Akainuka akamnyang'anya.

Nikapiga kelele. "Mama, acha! Usilisugue!"

Sijawahi kumpigia kelele mama mkwe wangu maisha yangu yote. Nilimshika mkono. Nikalichukua jino kwa kichwa chake, nikalimwagia maji kidogo tu. Mercy alikuwa ameshamimina maziwa kikombeni. Mabichi, yale ya uji wake. Sikumwagiza! Nikalitumbukiza humo, nikamwambia Scola kimbia, bodaboda iko nje, panda gari la Vwawa, daktari Efraimu, asiguse mtu mzizi. Scola ananitazama mimi, anamtazama Bibi. Hajui amsikilize nani. "Nenda!" nikasema. Akaenda na mwanawe, kikombe kakishika kama ekaristi.

Uani tukabaki watatu.

Bibi hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alisimama na stilwaya yake. Akasema polepole, "Mbona la Mercy nililisugua?"

 Mimi, mwenye mdomo wa kumuuzia kitenge mtu aliyekuja kuuliza njia! Nikasema mama, daktari alisema... Nikasema wakati ule hatukujua... Nikaishia hapo.

"La Mercy, mama Mercy?" akauliza tena.

Nikaingia ndani. Nimemwacha mzee wa watu amesimama. Nimempigia Yonathani, hapokei, yuko kazini Mlowo, juu ya ukuta. Nitampigia tena. Ningekuwa na neno moja lililo kweli na lisilomuumiza, ningetoka sasa hivi.

Kupitia pazia namwona kakaa kwenye kile kigoda cha Judith. Stilwaya kaiweka chini, mbali, kaisukuma kwa mguu. Anaitazama mikono yake. Kaita, "Mercy, njoo nilitikise."

Siyo Jumapili leo.

Mercy ameenda. Amepiga magoti mbele yake, ameachama kama kawaida. Bibi ameinua vidole viwili, lakini havifiki. Vimesimama hapo mbele ya mdomo. Mercy amemshika mkono, amevipeleka mwenyewe mpaka kwenye jino.

"Limeshika, Bibi," namsikia. "Si unaona? Limeshika."

Anangoja haleluya. Nami huku nangoja.