Mzigo Ulioufunga Tena Juu ya Baiskeli

Kwako Baba, Tata wetu,

Leo umenijia kwa sababu ya harufu. Sebule yangu hapa Migori imejaa katoni za vitabu hadi dirishani, na wino unanuka kuliko samaki aliye jikoni. Mama amekuja kutoka Kehancha kunitembelea. Alisimama mlangoni, akanusa, akacheka, akaniuliza kama na mimi nimerithi kichwa chako kigumu.

Unaukumbuka ule mwaka wa tumbaku? Kampuni ilikukopesha mbegu na mbolea, na haikutaka kuona hata shina la wimbi shambani. Mnunuzi alikuwa huyo huyo mmoja. Tulikausha majani, tukayapanga kwa madaraja, vidole vyangu vikawa vyeusi kwa utomvu. Siku ya kuuza, yule bwana wa kampuni alisukuma mzigo wetu kwa mguu, akasema ni daraja la mwisho. Ulimwomba aufungue atazame katikati. Wapi.

"Basi nipe mzigo wangu," ukamwambia, taratibu tu.

Majirani walikuvuta shati, wakikuuliza utamuuzia nani mwingine. Uliufunga tena mzigo juu ya baiskeli, tukasukuma mpaka nyumbani.

Tumbaku ile ililala na sisi. Ilinuka kwenye sare yangu ya shule, kwenye blanketi, hata kwenye ugali. Mvua zilipokuja ikaota ukungu, na Mama akakununia. Sikuwahi kukuuliza kama ulijuta.

Uliondoka duniani kabla sijaanza kuchapisha hadithi za watoto, kwa Kikuria, Kijaluo na Kiswahili. Niliziuza zaidi kupitia duka moja kubwa la mtandaoni, na sitalisingizia, lilinifikisha mbali. Ile hadithi yako ya fisi na mkwewe imesomwa na watoto wa Kikuria waliozaliwa ng'ambo. Lakini maduka ya vitabu mjini yalifungwa moja baada ya jingine, watu wakazoea kununua kwa simu, na mwenye duka akajua hatuna pengine pa kwenda. Ndipo akaniandikia. Anataka kuuza kitabu cha fisi chini ya gharama ya kukichapa, hasara niibebe mimi. Nikikataa, msomaji akikitafuta hatakiona.

Nilipoisoma barua yake nilijiambia, huyu namjua. Ni yule bwana wa mguu, ila huyu hata mguu wenyewe huuoni.

Nikamfikiria Akinyi, anayeuza vitabu vyetu mezani pake sokoni Rodi Kopany, kando ya kalamu na madaftari. Watoto husoma wamesimama, naye huwatania, "Soma, lakini usinilambie kurasa." Nikikubali bei ile, wateja watamwonyesha bei hiyo ya chini kwenye simu na kumwita mwizi. Akinyi akiondoa meza, wale watoto watasomea wapi?

Basi nikajibu nirudishiwe vitabu vyangu. Vimefika juzi. Sasa ukiandika jina la kitabu chetu kwenye simu unaletewa vya watu wengine. Naogopa, Baba. Wasomaji wakitutafuta wakatukosa, watadhani tulishafunga.

Jioni hii nilimuuliza Mama lile nisilokuuliza wewe. Alikuwa ameketi juu ya katoni, miwani puani, akisoma fisi wako huku midomo ikimchezacheza.

"Alijuta kila mvua iliponyesha," akasema. "Halafu msimu uliofuata akapanda wimbi."

Akafungua ukurasa mwingine. Baadaye akaniomba nimfungie katoni mbili za Kikuria, atawauzia akina mama wa kanisani Kehancha. Nikamwambia ni nzito kwake. Akasema boda wapo, na karatasi haivundi upesi kama tumbaku.

Pumzika, Baba. Harufu nitaizoea. Kesho asubuhi nitazifunga katoni za Mama kwa ule mpira wa baiskeli yako. Bado unakaza.

Mimi,
kifungua mimba wako