Vibanda Vitatu vya Uani

Jumatatu, 4 Agosti 1986

Nyumba yangu ni majengo manne. Kasema Bwana Maganga, mthamini wa mji, kwa karatasi yenye mhuri iliyoletwa leo saa tatu asubuhi. Jengo la kwanza: nyumba ya kuishi, saruji na bati. Sahihi. La pili, la tatu na la nne: "vibanda vya uani, vya kupangisha wachimbaji." Kodi ya majengo kwa mwaka, shilingi 2,640. Mara tatu ya jirani yangu, na nyumba yake na yangu zilijengwa na fundi mmoja kwa ramani moja.

Miaka kumi na tisa naandika habari, kutoka Shinyanga mpaka machimbo ya Nyarugusu. Sijawahi kumpangisha mtu hata mkeka.

Nikaenda uani kuhakiki. Vibanda vipo. Vitatu, vya miti na nyasi, nyuma ya jiko. Mama alivijenga mwaka jana alipopona ugonjwa – kimoja cha babu, kimoja cha bibi, kimoja cha marehemu baba. Wasukuma wengi wanavyo, nyumba za masamva, wazee waliotangulia. Nikapima kwa futikamba. Kirefu kuliko vyote: sentimita hamsini na mbili. Mchimbaji wa kulala humo bado hajazaliwa.

Jumatano, 6 Agosti

Ofisini kwa Maganga. Nilimuuliza kama aliingia uani. Hakuingia. Kulikuwa na mbwa. Alisimama juu ya tuta la barabara ya Geita, akahesabu mapaa.

"Kutoka kule, nyasi ni nyasi," alisema. "Na siku hizi kila ua una mchimbaji."

Nikamwambia vinanifika gotini.

"Serikali haipimi kwa magoti, Ndugu." Akachukua kalamu. "Haya, kama si vya kupangisha, ni vya nini?"

Nikanyamaza. Mimi! Swali la maneno matatu.

Sababu ni hii. Mama ni mwenyekiti wa kina mama wa parokia. Kwaresima iliyopita paroko alitangaza: anayefuga matambiko nyumbani hatapokea komunyo, wala hataongoza mtu. Mama alikuwa benchi la mbele. Aliitikia kwa kichwa, tena kwa nguvu.

Maganga akanipa fomu ya rufaa. Sehemu ya sita: matumizi ya jengo. "Ukijaza uongo, hiyo ni kesi," alisema. Kwa upole kabisa.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimemweleza Mama. Alikuwa anachambua maharage, hakuinua macho.

Nikapendekeza tuvibomoe. – "Ubomoe nyumba ya baba yako? Anza na yako."

Tuseme ni mabanda ya kuku. – "Baba yako ni kuku?"

Basi nilipe, tuyamalize. – "Ng'wanone, mwanangu, baba yako alilipa kodi ya kichwa maisha yake yote. Sasa amekufa, aanze kulipa ya nyumba?"

Hoja hiyo sijaisikia hata bungeni.

"Andika ukweli," alisema. "Si ndiyo kazi yako? Ila jina langu usilitaje."

Nimejaza. Matumizi: makazi. Idadi ya wakazi: mmoja kwa kila kibanda. Kazi ya mkazi: marehemu. Pango analolipa: hakuna. Nimeipeleka kwa mkono wangu, karani akaisoma mara mbili, akagonga mhuri.

Ijumaa, 15 Agosti

Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria. Mama aliongoza maandamano ya kina mama, sare mpya, sauti juu kuliko wote.

Baada ya misa Bartholomeo akanivuta nyuma ya sakristia. Ndiye mwenyekiti wa baraza la rufaa za kodi. Ndiye pia mwenyekiti wa walei. Mji mdogo, makoti machache.

"Mwandishi, iondoe ile fomu."

Nikauliza kwa nini.

"Utatuvua nguo." Akatazama nyuma, kisha akateremsha sauti. "Mimi nimeandikiwa wapangaji wawili. Nimelipa."

Wapangaji gani?

"Unajua wapangaji gani! Mwalimu mkuu watatu. Katekista mmoja. Wote wamelipa, wamenyamaza. Wewe nani alikutuma kukata rufaa?"

Nilimuuliza baraza limepokea rufaa ngapi mwaka huu. Moja, alisema. Akaenda kupeana mikono na paroko.

Jioni nimechukua faili la magazeti. Julai, ukurasa wa tatu, jina langu juu: mapato ya mji yamevuka lengo "kutokana na kasi ya ujenzi wa nyumba za kupangisha." Chanzo: Bwana Maganga. Sikuhakiki. Nyumba hizo zote zingetosha kwenye toroli.

Jumatatu, 18 Agosti

Barua ya Bartholomeo. Baraza litakuja kukagua vibanda kesho. Wajumbe watatu, Bwana Maganga, na – kwa wino, pembeni – "Paroko, kama shahidi." Mkaaji wa nyumba anayejua matumizi ya vibanda atajibu maswali mbele ya wote. Ndani ya bahasha kuna fomu nyingine, ya kuondoa rufaa. Bartholomeo ni mtu mwenye huruma.

Nikamsomea Mama barua yote, pamoja na maneno ya pembeni. Nikamwambia bado naweza kuiondoa. Atabaki na uenyekiti wake, mimi nitalipa.

"Wageni wangapi?" aliuliza.

Watano.

Akatoka. Nikasikia miti inavunjwa uani, nikadhani ameamua kubomoa. Nikamfuata. Alikuwa amepiga magoti, ametoa nyasi kuukuu za kibanda cha baba, anaezeka upya. Kifungu cha nyasi mpya pembeni, kamba mdomoni.

"Mama, paroko atakuwepo."

Akatoa kamba mdomoni. "Nimesikia. Akitaka kuona ndani atainama, kama wengine."

"Na uenyekiti?"

"Nishikie hapa," alisema.

Nikashika.

Fomu ya kuondoa rufaa iko mezani, tupu. Ofisi inafunguliwa kesho Jumanne saa mbili. Baraza linafika saa nne.