Wakwe Hawatalala Gesti

Maposeni,
2 Juni 2024

Kwa mwanangu Justa,

Mimi baba yako Otto nina miaka themanini na moja, na kalamu hii naishika mwenyewe, hakuna aliyeniandikia. Nimeishi kuliko kaka zangu wote. Nimeishi kuliko mapadre wawili walionibatizia watoto, kuliko ndui, kuliko nzige, na kuliko lile lori la tumbaku lililopinduka Namtumbo nami nikiwa juu ya marobota, dereva akavunjika mguu, mimi nikawa natafuta kofia yangu. Nimeishi kuliko mama yako Theodosia, hilo sikuliomba. Sasa uniambie kiroboto ataniangusha?

Hujambo lakini? Mumeo na watoto hawajambo? Dodoma kuna baridi au ni vumbi tu? Mimi mzima. Goti la kushoto linajua baridi kabla redio haijatangaza, mengine yote yanafanya kazi.

Shangazi yako Beata alizungumza na wewe kwenye simu, maana mimi simu siisikii, inanong'ona. Akaja akakaa, akasema, "Kaka, wakwe watakuja Agosti kuweka msalaba wa wifi yangu, ila watalala gesti Songea mjini." Nikamwambia rudia. Akarudia. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Viroboto, kaka."

Justa, tangu lini mkwe akaja kuweka msalaba akalala gesti? Anayekuja kwenye kaburi la nyumba hii analala nyumba hii, kwenye mkeka, na sisi. Wakilala mjini, hapa kijijini watasema Otto ameshindwa kulaza wakwe zake kwenye kumbukumbu ya mke wake. Na siku yangu ikifika, nani atakubali kulala kwangu anililie?

Mbwa wangu Watasema na Hawachoki ni mbwa wa sifa. Nguruwe pori wanapita mbali na shamba langu wanakwenda kula la Kunegunda, ndiyo maana huyo jirani ananichukia. Viroboto nitawamaliza kwa mkono wangu kabla ya Agosti. Dawa ninayo. Mwambie mkwe wangu Yohanes, baba wa mumeo, asitafute gesti.

Ni mimi baba yako,
Otto

*

Dodoma,
13 Juni 2024

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imefika kwa watu wa basi ikiwa imekunjwa kama sigara, lakini yote nimeisoma. Sisi wazima. Mume wangu anakusalimia. Aidani ameanza chekechea na anaimba kutwa nzima. Goti ulipake yale mafuta niliyokuletea, usiyaweke kwenye baiskeli.

Baba, usikasirike, nikuambie kama ilivyokuwa. Kwenye msiba tulilala sote chini kama desturi. Baba mkwe ni mtu mzima, hakujikuna mbele ya jeneza. Lakini tulipopanda basi kurudi, kabla hatujafika hata Njombe alivua soksi, akaendelea kujikuna hadi Makambako. Mama mkwe alikuwa na vipele mpaka kiunoni. Aidani miguu yake ilitoka vidonda, akapata homa. Hawakusema neno baya. Mama mkwe alisema tu, "Mwanangu, tutakuja kumwekea mama yako msalaba, ila tutafute pa kulala." Ningemjibu nini? Yeye ndiye aliyenilelea mtoto nilipokuwa nimelala hospitali.

Naomba mbwa watoke. Wauze, au mpe mtu.

Na jambo jingine, baba. Chumba cha mama kimefagiwa?

Mwanao akupendaye,
Justa

*

Maposeni,
27 Juni 2024

Mwanangu Justa,

Salamu nyingi. Hali yangu ni njema, ya mbwa nitaeleza. Mafuta ya goti yamekwisha, na ndiyo, baiskeli nayo inateleza vizuri sana.

Rafiki yangu Abdulswamadu wa Namtumbo aliniletea majani ya tumbaku, yale makali ya kusokota. Wazee wetu walikuwa wanatumia. Nikayaloweka kwenye ndoo mpaka maji yakawa meusi kama kahawa, nikamshika Watasema, nikamwogesha kuanzia masikio hadi mkia. Hawachoki alipoona akakimbilia kwenye mahindi. Yule ana akili.

Viroboto walianguka, nisikudanganye, walianguka kama mtama. Lakini baadaye kidogo Watasema naye akaanguka. Anatoa mate, anatetemeka, akitembea anapepesuka kama mtu aliyetoka kunywa pombe ya komoni. Beata akaita bwana mifugo wetu, Osmund. Akaja na pikipiki, akanusa ndoo, akashika kichwa.

"Mzee Otto, unataka kumuua? Hii ni sumu. Imepita kwenye ngozi, na mbwa anajilamba."

Nikamwambia, "Mimi nimelima tumbaku kabla baba yako hajaoa."

Akasema, "Na mbwa wako ameivuta kabla hajaoa."

Alimsuuza kwa sabuni na maji mengi, akamchoma sindano. Watasema amepona. Mbwa wa mtu mwingine angekufa.

Basi nikakusikiliza wewe. Nikawapeleka mbwa wote wawili kwa shemeji Saimon, nikasema haya, nyumba haina mbwa, tuone. Sikiliza sasa kilichotokea. Viroboto walipokosa mbwa walinigeukia mimi! Nakunywa chai, wako kwenye miguu. Nasali, wako kwenye miguu. Kunegunda alisimama kwenye uzio akanitazama ninavyopiga magoti na kuinuka, akasema, "Otto, kwako viroboto wanakaribisha wageni kabla yako." Nikamjibu, "Na kwako kunguni wanawasindikiza." Ngedere nao walipoona hakuna mbwa, wakaja kula mahindi niliyoanika, wakiwa wamekaa kabisa kama wamealikwa.

Nimewarudisha mbwa. Umeona sasa? Nilisema kosa si la mbwa. Hata Osmund amekiri. Anasema kwenye mbwa unawaona wachache tu, wanaokula. Wengi wako chini kwenye vumbi na nyufa za sakafu, mayai na watoto wao, pale mbwa anapolala. Ukiwaogesha mbwa ukaiacha sakafu, umefukuza wageni ukawaacha wenye nyumba. Akaniuliza, "Wanalala wapi?" Nikamwonyesha baraza na jiko. Tutapashughulikia hapo.

Wewe andaa safari.

Baba yako

*

Dodoma,
8 Julai 2024

Baba,

Shikamoo. Tu wazima, na nimefurahi Watasema amepona. Nilicheka mpaka mashine ya kushonea ikanikata uzi, halafu nikaisoma tena.

Nilikuuliza swali moja, hujanijibu.

Bwana mifugo amekuuliza mbwa wanalala wapi, ukamwonyesha baraza na jiko. Baba, mama alipougua, Watasema alikuwa analala wapi? Alikuwa chini ya kitanda chake, miezi yote ile. Mama alikuwa anashusha mkono anamshika sikio. Na shangazi ameniambia bado anaingia humo kwa chini ya mlango, pale ubao ulipooza, analala humo kila kukiwa na baridi.

Siku ya kuondoa matanga, wanawake walifagia nyumba nzima kama inavyotakiwa, wakatupa majivu, wakatoa mikeka nje. Mimi nilikuwepo. Shangazi alipofika mlango wa mama na ufagio, ulisimama mlangoni ukamwambia, "Hiki kitafagiwa na mwenyewe." Tukakuacha, kwa sababu ulikuwa umefiwa.

Mwenyewe hatarudi kukifagia, baba.

Wakwe wameshaulizia gesti Mjimwema, hapo Songea mjini. Wanasubiri neno langu, nami nasubiri lako.

Binti yako,
Justa

*

Maposeni,
16 Julai 2024

Justa,

Barua imefika. Mzima.

Nyumba hii niliijenga mimi, matofali nilichoma mimi, na mlango huo niliupiga randa mimi. Sihitaji kufundishwa na mtu aliyezaliwa ndani yake kipi kifagiwe na kipi kiachwe.

Baraza nimemwagia maji ya moto. Jiko pia. Bwana mifugo ameleta dawa ya mbwa, ile ya kudondoshea shingoni. Inatosha.

Kama wakwe wanataka gesti, wakalale.

Baba yako

*

Dodoma,
2 Agosti 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Sikukuandikia kukugombeza. Kama nimekuumiza unisamehe.

Tutafika tarehe ishirini na nne, msalaba ni kesho yake baada ya misa. Mimi nitalala kwako, viroboto wawepo wasiwepo. Wakwe na Aidani watalala Mjimwema. Nitawaambia watu nyumba ni ndogo.

Kula vizuri. Usikae peke yako jioni, mwite shangazi.

Justa wako

*

Maposeni,
18 Agosti 2024

Mwanangu Justa,

Hujambo, na wa kwako hawajambo? Mimi ni mzima kuliko vijana wa hapa, na nakuandikia nikiwa nimekaa sakafuni, miguu mitupu, nje ya mlango wa chumba cha mama yako, na hakuna kinachoniuma ila goti.

Usiwaambie watu nyumba ni ndogo. Otto hajawahi kujenga nyumba ndogo. Barua yako ilipofika nilisoma hadi hapo nikaiweka chini, nikaenda kuchukua ufunguo.

Nimekifagia. Nilifunika pua kwa kitambaa, nikaanzia juu kwenye buibui nikashuka, kitanda nikakitoa nje, godoro nikaliweka juani nikawa naligeuza kama chapati. Chini ya kitanda vumbi lilikuwa limefanya shimo la umbo la mbwa, na humo, mwanangu, palikuwa panaruka kama mafuta kwenye kikaango. Walinipanda mpaka magotini. Sikutoka. Takataka zote nilizoa nikazichoma nyuma ya choo. Mkeka wake umeungua pia, usinilaumu, Osmund alisema mkeka uliokaa na mbwa uungue. Kanga zake nimezichemsha mwenyewe, na ile ya maua imetoa rangi kidogo. Nikamwaga maji ya moto kwenye nyufa zote, sufuria baada ya sufuria, Beata akiwa jikoni anachochea tu kuni.

Kusiriba sakafu hiyo ni kazi ya wanawake, sikujua vipimo. Nikaenda mwenyewe kwenye uzio nikamwita Kunegunda. Akaja na udongo wake na mavi ya ng'ombe, akachanganya, akasiriba mpaka chini ya dirisha kukang'aa. Akasema, "Theodosia angeona ulivyoacha hapa angekuchapa." Nikamwambia, "Asingekuacha wewe pia, kwa mdomo huo." Akacheka mpaka akakaa kwenye udongo wake mbichi, akaharibu alipokuwa amemaliza, tukarudia.

Mbwa walitiwa dawa siku hiyo hiyo, siyo wao leo nyumba kesho, wote kwa pamoja. Ubao wa mlango nimeubadilisha. Watasema alilia mlangoni siku mbili tatu. Nimemtengenezea kibanda nje, magunia yake yanaanikwa kila Jumamosi. Juzi tumerudia yote tena kuanzia kufagia, maana Osmund anasema wapo wanaojifunga kwenye vifuko, dawa haiwafikii, wanatoka baadaye wakidhani mjinga amelala. Mimi sikulala.

Jana Osmund akaja kupima. Akavaa soksi nyeupe za mpira wa miguu mpaka magotini, kwa sababu kiroboto kwenye nyeupe hajifichi. Akatembea baraza, jiko, sebule, chumba cha mama yako, kila kona, anasaga miguu kama anacheza ngoma ya lizombe. Akatoka juani akaziinua. Nyeupe. Nikamwambia vua nione kwa ndani. Nyeupe!

Na kabla ya hapo nilikuwa nimemlaza Kunegunda chumbani humo pamoja na Beata, kwa makusudi, kwa sababu yeye ndiye aliyelitangaza jambo hili kanisani. Asubuhi nikamsindikiza misa. Katekista Athanasi akamuuliza mbele ya watu, "Mama, umelalaje kwa Otto?" Watu wakacheka vibaya. Akasema kwa sauti, "Nimelala kama mtoto, na Otto amelala sebuleni, msianze." Imekwisha. Sasa wanasema nyumba yangu ndiyo safi Maposeni yote, na ni kweli.

Mkwe wangu Yohanes na mkewe watalala chumba cha Theodosia. Mikeka mipya ipo. Aidani alale popote anapotaka, hata na mimi. Waambie gesti waiachie wasafiri.

Kama wana wasiwasi, wasinisikilize mimi. Ya mbwa na dawa, wamuulize Osmund bwana mifugo, soksi bado anazo. Ya sakafu, wamuulize Kunegunda, ingawa hatakubali kwamba udongo tuliuharibu kwa sababu yake. Ya maji ya moto, shangazi yako Beata alichochea moto. Ya kanisani, katekista Athanasi na waumini wote wa misa ya kwanza.

Ya kufagia chumba, hilo halina shahidi. Mlango niliufunga kwa ndani. Hilo utaniamini mwenyewe.

Baba yako,
Otto