Daftari la Sokrate

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, lakini ulinifundisha kwamba mkubwa haelezwi neno kabla hajaamkiwa.

Nakuja na habari za daftari lako lenye jalada jeusi. Unakumbuka jioni zetu za Lisekese, mimi na mama tukibangua korosho nawe ukitusomea? Padri alikuazima kitabu cha habari za Sokrate, yule mzee wa Kiyunani aliyehukumiwa kunywa sumu. Ukakifasiri kwa Kiswahili, ukurasa kwa ukurasa, kisha padri akarudi kwao nacho. Likabaki daftari. Ulisema Sokrate mwenyewe hakuandika kitu, wanafunzi wake ndio waliookoa maneno yake. Ukatusimulia na ile nyumba ya vitabu ya Misri, iliyoshika moto Kaisari alipochoma merikebu. "Vingine vimebaki majina tu," ukasema, na uso wako ulikuwa wa mtu aliyefiwa.

Baba, hukuibiwa daftari. Nililichukua mimi. Nilipopelekwa jandoni nilikuwa sijafika pale mzee anapokunywa sumu, nikalificha ndani ya nguo zangu, nikawa nalisoma wenzangu wakilala mchana. Siku ya kutoka tukaambiwa tuache kila kitu tukimbie, kibanda kinachomwa, na atakayegeuka nyuma mama yake atakufa. Nililikumbuka moto umeshaanza kutatarika mgongoni. Sikugeuka. Nilimpenda mama.

Wewe ukamshuku Baba Anna, mwalimu mwenzako na mlezi wetu jandoni, kwa kuwa ndiye aliyezoea kuliazima. Mlikuwa mkila sahani moja. Ukaacha kuitikia hata hodi yake. Nami nikanyamaza, woga mtupu, hata siku tulipokuzika, yeye kasimama nyuma kabisa ya watu.

Tangu hapo moshi ule hauniachi. Watu wakichoma mashamba kule Nanganga, mimi hapa Lisekese silali. Nasikia sauti yako ikisoma, ikifika mahali pale pale inakatika.

Juzi nimeshindwa kuvumilia. Nimepanda Newala alikohamia Baba Anna, nikapita bomani chini ya bendera ya Mwingereza, nikamkuta ananawa kwa kikombe kimoja cha maji, maana maji ya kule hufuatwa bondeni. Nikamwambia yote.

"Nilijua, mwanangu. Nilikuona unalisoma."

"Mbona hukumwambia Baba?"

"Angekuchukia. Rafiki angepata mwingine. Mtoto alikuwa naye mmoja."

Hukupata mwingine, Baba. Nilikuona kila jioni ukitazama njia aliyozoea kujia, na sikusema. Naona aibu hata kulia.

Nikamwomba anisimulie mwisho wa Sokrate, niuandike, maana yeye alishalisoma daftari lote. Akakataa. Anasema wa kwanza kusimuliwa ni wewe, mwenye daftari. Jumapili, baada ya ibada, atakuja Lisekese, asimame kaburini kwako apige hodi.

Nakusihi, Baba, safari hii mwitikie.

Mimi mwanao,
yule mmoja.