Cherehani na Adabu za Kihispania

Jumatatu, 1 Machi 1937
Nimemaliza Kitabu cha Kwanza! Ngara nzima, fundi gani mwingine anasema Kihispania? Bwana Ramoni, yule Mhispania mtafuta madini, anasema hiki cha pili ndicho walichosoma kwao chuo kikuu. Basi niko chuo kikuu — barazani kwangu, nyuma ya cherehani! Ada ni kumshonea suruali. Karani Abbasi kasoma Tabora, na kwa Kihispania hawezi kuomba hata maji. Maskini.

Alhamisi, 4 Machi
Leo si vitenzi, ni desturi. Kwao ukisifu kitu cha mtu, saa au nyumba, mwenyewe anajibu: es suya, ni yako. Ukarimu huo! Nikaenda kumkatia mteja kitambaa, kurudi somo limekwisha. Mke wangu Semeni akauliza, na wakimsifu mke? Nikamwambia hilo ni somo la mwaka wa tatu.

Jumamosi, 6 Machi
Soko limejaa. Mzee Habimana wa Murusagamba, muuza maharage, kasimama hapa muda mrefu, mkono juu ya mpini wa kuzungushia cherehani. Akasema, fundi, mashine yako nzuri kweli. Abbasi anatazama. Nikainuka, mkono kifuani: "Es suya! Ni yako, mzee!" Nilipendeza! Mzee akanishika mikono yote miwili, macho yamemjaa machozi, akaondoka hata maharage hajamaliza kuuza.

Jumanne, 9 Machi
Bwana Ramoni kacheka mpaka kashika nguzo. Kumbe mgeni anatakiwa kukataa! Mara mbili, tatu, ndiyo adabu. Aliyasema hayo siku ile nikikata kitambaa. Kaniuliza, huyo mzee anajua kwamba anatakiwa kukataa?
Ajulie wapi, Murusagamba!

Alhamisi, 11 Machi
Wamefika. Siku mbili njiani. Mzee Habimana, wanaume wanne, machela, na juu yake Deodata, binti wa mzee. Mguu umepooza, jembe haliwezi, mume kamrudisha kwao kwa sababu hiyo. Nyuma yao ndama jike, wa shukrani.
"Shikamoo, mzee."
"Marahaba, mwanangu. Binti yangu sasa atakula kwa kazi ya mikono yake."
Nikafungua mdomo nieleze desturi za Wahispania. Kihispania kikanikimbia. Kiswahili nacho kikafuata. Abbasi ng'ambo ya njia anakenua meno yote.
Semeni kanivuta kanzu: "Sisi tutakula nini? Sema naye, Halfani, kabla ndama hajafungwa, akifungwa tumepokea!"
Nilikuwa naenda kusema. Wallahi. Deodata akauliza, fundi, uzi unapita wapi? Nikamwonyesha uzi tu. Kisha bobini. Kisha jinsi ya kugeuza kona...
Nimeingia ndani, nimewaambia natafuta mkasi. Mkasi ninao mfukoni. Ndama ameshafungwa kwenye nguzo. Semeni ananiita kwa jina langu na la baba yangu — na mashine huko nje haijanyamaza.